Mume Wangu, Kaka Yangu, Kiti Kimoja

Jumatatu, 4 Machi

Naandika kwa sababu nikisema nitagombana, na leo nimeshagombana na watu watatu kabla ya saa nne asubuhi. Daftari hili nimelishona mwenyewe kwa mabaki ya karatasi yanayodondoka chini ya mashine ya kukatia. Bosi hajali, alikuwa anayatupa.

Habari yenyewe ni hii. Mwezi ujao kata yetu inachagua diwani. Tuliyenaye amekaa miaka kumi na tano. Watu wamempa jina la Keshokutwa, kwa sababu ukimuuliza mtaro wa mtaa wa chini utajengwa lini, jibu lake ni hilo. Mama yangu anakaa mtaa wa chini. Kila msimu wa mvua maji machafu humwingilia chumbani, na kila msimu Keshokutwa hufika na viatu vyake vya mpira, hutazama, hutikisa kichwa, huondoka.

Safari hii tulikuwa na mtu wetu. Kaka yangu mkubwa ni fundi bomba, wote tunamwita Fundi hata sisi wa nyumbani. Mtaro ule anaujua mita kwa mita. Mwezi uliopita wanachama wa chama chetu walipiga kura za maoni kutafuta mgombea, Fundi akashinda. Wa pili alikuwa mume wangu, Mwalimu, anayefundisha hesabu sekondari. Walishikana mikono mbele ya watu, Mama akapiga vigelegele mpaka akakohoa.

Leo makao makuu ya chama wameleta jina la mgombea. Si la Fundi. Ni la mume wangu.

Wa kwanza kugombana naye ni katibu wa chama wa kata, kwa simu. Wa pili ni Mwalimu mwenyewe. Wa tatu ni mwenye duka la vocha, maskini, aliyeniita mama diwani.

Jumanne, 5 Machi

Mwalimu anasema hakuomba. Anasema wakubwa wanataka mtu mwenye shahada, na kwamba angekataa tungeletewa mgeni asiyejua hata choo cha soko kiko wapi. "Ningefanya nini?" ananiuliza, na macho yake ni ya mtu mkweli.

Nimemwamini.

Alhamisi, 7 Machi

Joto. Mawingu yanakusanyika na kutawanyika. Fundi hapokei simu.

Jumamosi, 9 Machi

Fundi amehama chama. Amekwenda kwenye chama ambacho juzi tu ofisi yake katika kata hii ilikuwa benchi nje ya kinyozi. Wamempokea asubuhi, mchana wamempa fomu ya udiwani. Mnyororo wa maua ya plastiki alikuwa bado nao shingoni alipokuja kuniambia pale kwenye mtambo wa uchapaji ninakofanya kazi.

"Umeondoka kwa hasira," nikamwambia.

"Kwani hasira si sababu?"

"Mtagawana watu wetu, kaka. Keshokutwa atapita katikati."

"Basi mwambie mumeo apishe. Mimi nilishinda, mdogo wangu. Watu walipanga mstari wakanichagua. Mtu mmoja aliyekaa kwenye kiti cha kuzunguka akanifuta kwa kalamu. Nikae kimya?"

Nilimwona mbinafsi. Nilimwambia hivyo. Aliuvua ule mnyororo, akautia mfukoni, akaondoka bila kuniaga.

Jumatano, 13 Machi

Mvua imeanza, na imeanza kwa fujo. Karatasi zinanyonya unyevu, kingo zinajikunja, mashine inameza mbili mbili. Wino haukauki.

Na kazi ya wiki hii ni mabango. Bosi hakatai mteja, hata shetani akija na picha yake atamuuliza anataka ukubwa gani. Jana tumechapa ya Mwalimu, leo ya Fundi. Rafu kavu ni moja, nikayarundika pamoja. Mchana nilipoyainua nikakuta sura ya mume wangu imehamia mgongoni mwa kaka yangu, hafifu, ya kijivu, ikicheka. Mabango zaidi ya mia mbili yameharibika. Bosi alinikemea. Nilimwambia sikulala vizuri.

Wote wawili wameandika maneno yaleyale: MTARO KWANZA.

Ijumaa, 15 Machi

Kwenye foleni ya mkate leo mwanamke wa mbele yangu alisema atampigia kura Mwalimu kwa sababu ana sauti nzuri. Wa nyuma yangu akasema Fundi, aliwahi kumzibulia sinki asimtoze. Kijana mmoja akasema haendi, wote ni walewale. Hakuna aliyemtaja Keshokutwa kwa jema. Hata mmoja.

Jumanne, 19 Machi

Wifi yangu, mke wa Fundi, anakaa mapokezi ya zahanati. Hana makelele. Leo kanipitia kazini akiwa na kipande cha boksi la glavu, nyuma yake amechora vijistari vya kalamu.

"Wiki nzima nimekuwa nikiuliza," akasema. "Kila anayekuja kuchukua kadi namuuliza jina, umri, anaumwa nini, na angempigia nani. Wanadhani ni swali la zahanati."

Watu mia moja. Keshokutwa thelathini na nane. Mwalimu thelathini na tatu. Fundi ishirini na tisa.

Tulikitazama kile kipande pale juu ya meza ya kukunjia. Sitini na wawili hawamtaki, thelathini na wanane wanamtaka, na sheria inampa kiti yeye, kwa sababu haiulizi wangapi wamekukataa. Inauliza tu nani ana rundo kubwa kuliko wenzake. Hakuna duru ya pili kwenye udiwani. Hakuna kusema, huyu akishindwa kura yangu iende kwa yule. Unaweka alama moja, mambo yamekwisha.

"Kujitoa mwisho ni lini?" nikamuuliza.

"Ijumaa ya tarehe ishirini na tisa, saa kumi jioni."

Tukakubaliana: Jumapili, kwa Mama, wote wawili mezani.

Jumapili, 24 Machi

Walikuja. Mwalimu na shati la kola, Fundi na ovaroli, makusudi. Mama aliwatengea viti viwili vilivyotazamana, yeye akakaa kitandani, kitanda ambacho tayari kimewekwa juu ya matofali. Ukutani kuna mistari ya maji ya miaka iliyopita, wa juu kabisa unanifika kiunoni.

Wifi akaweka kile kipande cha boksi mezani. Mwalimu alikichukua, akakitazama kama anavyotazama daftari la mwanafunzi.

"Watu mia ni wachache," akasema. "Na wa zahanati ni wagonjwa. Haiwakilishi kata."

"Wagonjwa hawapigi kura?" Wifi akauliza.

Fundi alikuwa amekunja mikono. "Mimi hesabu zangu ni fupi. Tulishindana, nikashinda. Anayepisha ni aliyeshindwa."

"Chama kilichonisimamisha kina mawakala kila kituo," Mwalimu akasema. "Chako kina benchi. Shemeji, umepanda gari lisilo na magurudumu. Shuka, upande letu."

"Gari lenu nililiendesha mimi miaka tisa. Mkanishusha likiwa linatembea."

Mama alisubiri wamalize. "Mmoja amwachie mwenzake," akasema. "Na aliyeachiwa amshike mwenzake mkono waende pamoja. Mimi sitaki diwani. Nataka mtaro."

"Mama, siasa haiko hivyo," akasema Mwalimu, kwa upole.

"Basi nielezeni iko vipi."

Mvua ilianza tena kwenye bati, ikawasaidia kunyamaza. Baada ya chai kila mmoja akaondoka na njia yake, na mimi nikaondoka na mume wangu, nikijisemea kwamba kaka yangu ana kichwa kigumu lakini mume wangu angalau anaongea kama mtu mzima.

Nyongeza ya baadaye: hivyo ndivyo nilivyofikiri Jumapili ile. Naliacha wazo hilo kama lilivyo, lisomeke.

Jumanne, 26 Machi

Mvua. Rola ya mashine imepasuka.

Jumatano, 27 Machi

Mchana Bosi alikuwa anatafuta kadi ya harusi kwenye kompyuta ya ofisini, ile tunayochapia watu barua. Akaniita nimsaidie. Nikafungua mafaili moja moja. Moja liliandikwa "pingamizi". Nililifungua kwa makosa, na nikaendelea kulisoma kwa makusudi.

Ni barua kwenda makao makuu ya chama. Tarehe yake ni siku moja baada ya kura za maoni. Inasema mshindi hakumaliza sekondari. Inasema hotuba zake zitakiaibisha chama mbele ya watu wasomi. Inasema mwandishi, kwa moyo mzito na bila kutaka makuu, yuko tayari kubeba jukumu endapo chama kitaona inafaa. Chini kuna jina la mume wangu na shahada yake.

"Ah, hiyo," Bosi akasema. "Alikuja nayo siku ile umekwenda hospitali na mama yako. Nilidhani unajua."

Sijui niliimalizaje kazi. Najua nilikata rimu nzima vibaya.

Nilimkuta nyumbani anasahihisha mitihani, kalamu nyekundu mkononi. Nikaweka nakala ya barua juu ya daftari alilokuwa nalo.

"Ulisema hukuomba."

Aliisoma yote kana kwamba aliyeiandika ni mtu mwingine. "Sikuomba," akasema. "Nilieleza hali."

"Hali gani? Kwamba kaka yangu hakumaliza shule? Unajua kwa nini hakumaliza?"

"Usilete mambo ya..."

"Sema kwa nini hakumaliza."

Alifunika kalamu nyekundu. Anajua kwa nini. Baba alipokufa tulikuwa wawili shuleni na karo ilikuwa ya mmoja. Fundi alivua sare Ijumaa, Jumatatu akawa anabeba mabomba, akanilipia mimi mpaka chuo cha uchapaji. Mwalimu alisimuliwa haya siku alipokuja kunichumbia, na Fundi ndiye aliyekaa kwenye kiti cha baba kumpokea. Alimpokea kwa mikono miwili. Naye Mwalimu akachukua ujinga wa kaka yangu, ambao ni bei ya elimu yangu, akautia kwenye bahasha akaupeleka makao makuu.

"Kesho kutwa ni mwisho wa kujitoa," nikamwambia. "Nenda ukajitoe."

"Watu wangu nitawaambia nini?"

Watu wake. Nikabeba mto na shuka langu, nikahamia sebuleni.

Alhamisi, 28 Machi

Asubuhi nilipanga niende kwa Fundi nimwombe radhi, nimwambie nilimhukumu bure. Nilipanga hata maneno.

Saa tano akaingia mtu kuchukua mzigo wa pili wa mabango ya Fundi. Mwanaume mfupi, kofia nyeupe. Namfahamu, kata nzima inamfahamu. Ni dereva wa Keshokutwa. Alimlipa Bosi taslimu na kusema risiti iandikwe jina la mgombea, lake lisionekane popote. Aliponiona nimemkazia macho akaniambia, "Dada, kazi ni kazi."

Nilivua aproni nikatoka, mvua hiyohiyo. Fundi alikuwa kwenye karakana yake, anakata nyuzi za kuungia kwenye mdomo wa bomba kwa chuma cha kuzungusha. Maneno niliyoyapanga yote yalikuwa yamenitoka.

"Nani anakulipia mabango?"

"Mfadhili."

"Ni dereva wa Keshokutwa. Nimemwona kwa macho yangu."

Nilitegemea ashtuke. Alizungusha kile chuma mizunguko mitatu zaidi, akapuliza vumbi la chuma.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Hela ya adui nayo ni hela. Nikipata kiti, nitaujenga mtaro kwa hela yake mwenyewe. Huoni utamu wake?"

"Hukipati, kaka. Ndiyo maana anakupa. Anakununulia kura za kumpunguzia Mwalimu."

"Na mimi nataka zipungue," akasema, na sauti yake ikapanda kwa mara ya kwanza. "Nataka huyo mwalimu wako ashindwe mbele ya watu, ajue kunavyouma."

"Na Mama?"

Alirudi kwenye bomba lake.

Nilimwambia habari ya barua, kwa sababu ni haki yake kuijua. Aliniambia aliijua tangu wiki ya kwanza, katibu alimwonyesha. Hakuniambia ili asinivunjie ndoa. Kwa hiyo yeye alinificha kwa wema, mwingine akanificha kwa ubaya, na mimi katikati nilikuwa nachapa sura zao.

Ijumaa, 29 Machi

Saa kumi jioni. Hakuna aliyejitoa.

Jumanne, 2 Aprili

Chakula napika, kupakua anajipakulia.

Jumamosi, 6 Aprili

Keshokutwa amefanya mkutano mtaa wa chini. Ameleta lori la kokoto likamwaga rundo juu kabisa ya mtaro, akapanda juu ya rundo lile, akahutubia. Amesema ujenzi umeanza. Watu walipiga makofi. Nilikuwepo, niliyaona makofi.

Jirani yake Mama, ambaye mwaka jana alipoteza vifaranga vyote kwa maji yale, aliniambia, "Angalau huyu ameleta kokoto. Wenu wameleta karatasi."

"Miaka kumi na tano, shoga."

"Najua. Lakini ndiye atakayeshinda. Wenu wamegawanyika. Mimi sitaki kura yangu ipotee bure."

Nikamuuliza kura ya kumrudisha mtu anayemlaani kila mvua ikinyesha haijapotea vipi. Akasema nisimpigie kelele, si yeye aliyewagawanya. Na hapo alikuwa sahihi, jambo lililonitia hasira zaidi.

Ijumaa, 12 Aprili

Mvua imelisomba lile rundo la kokoto lote likaingia mtaroni. Sasa umeziba.

Jumatano, 17 Aprili

Wiki moja imebaki. Mwalimu anapita nyumba kwa nyumba mtaa wa juu, Fundi mtaa wa chini. Wakikutana njia panda wanasalimiana kama wageni. Wifi amekwenda makao makuu ya chama chetu siku yake ya mapumziko kuomba wawapatanishe hawa wawili, amekaa kwenye benchi tangu asubuhi, ameambiwa mgombea wa kata ni jambo dogo.

Jumanne, 23 Aprili

Imenyesha kutwa bila kupumzika. Tumefunga mtambo mapema, umeme umekatika. Mama amekataa kuhamia kwangu mpaka apige kura kwanza.

Jumatano, 24 Aprili

Naandika nikiwa nimekaa sakafuni, Mama amelala kwenye kochi langu.

Saa kumi na mbili asubuhi mimi na Wifi tulishuka mtaa wa chini. Maji yalikuwa magotini kuanzia kwa fundi cherehani, nyumba ya kwanza, mpaka mwisho. Mtaro uliozibwa na kokoto ulikuwa umeamua kupita barabarani. Watu walikuwa wanatoa magodoro madirishani. Kituo cha kura kiko shule ya mtaa wa juu, mwendo wa nusu saa kukiwa kukavu. Niliwauliza wanaume wawili waliobeba kabati kama watakwenda. Mmoja akacheka tu.

Lori lilelile la kokoto lilikuwa limesimama pale maji yanapoanzia. Lilikuwa linapeleka watu kituoni. Unapanda ukionyesha kadi ya chama cha Keshokutwa. Dereva wa kofia nyeupe alimwona Mama, akamwambia, "Panda, bibi, wewe hatukudai kadi."

"Nitatembea," Mama akasema.

Akatembea. Mkono mmoja umenishika mimi, mwingine Wifi, gauni limefungwa kiunoni, viatu kwenye mfuko wa plastiki shingoni. Alianguka mara moja, akasimama, akaomba tusiongee. Foleni ilitumia saa mbili. Wazee walikuwa wanapitishwa mbele, yeye akakataa, akasema mbele kuna wagonjwa.

Chumba cha kura kilikuwa darasa la Mwalimu. Ubaoni bado kulikuwa na mwandiko wake, hesabu za asilimia. Nilipewa karatasi. Picha tatu. Nilikwenda nyuma ya boksi la kupigia kura nikasimama kwa muda mrefu mpaka msimamizi akakohoa. Nilitaka kumpigia Fundi kwa sababu alidhulumiwa. Nilitaka kumnyima kwa sababu alijiuza. Nilitaka kumnyima mume wangu kwa yote. Lakini nilikumbuka thelathini na tatu kwa ishirini na tisa, na kwamba kama yupo wa kumzuia Keshokutwa ni yule mwenye rundo kubwa kidogo. Nikamwekea alama mtu ambaye sijamsemesha kwa wiki nne. Sikumchagua. Nilimtumia kama nondo ya kufungulia mlango. Nilikunja karatasi kwa hasira, na sikujua hasira ile ni ya nani hasa.

Mama alitoka baada yangu, kidole kina wino, uso umetulia.

"Nimewapigia wote wawili," akasema.

Nilisimama pale kwenye matope. "Wote wawili vipi, Mama?"

"Alama kwa mwanangu, alama kwa mkwe wangu. Wote ni wangu."

"Mama, hairuhusiwi. Kura hiyo imeharibika."

"Imeharibika?" akauliza. "Imeharibiwa na nani?"

Wifi aligeuka upande, akafunika mdomo kwa ule mkono wenye wino.

Tulipomrudisha kuchukua vitu vyake, kitanda kilikuwa kimeelea kutoka juu ya matofali, kimegonga mlango. Ilibidi tusukume wote watatu ili tuingie. Hakulia. Alichukua picha ya Baba kutoka ukutani, juu ya mstari wa mwaka huu, akasema twende.

Alhamisi, 25 Aprili

Matokeo yamebandikwa mlangoni pa shule.

Keshokutwa 1,486. Mwalimu 1,302. Fundi 1,177. Zilizoharibika 94.

Nilisimama pale na watu wengine, nikajumlisha. Elfu mbili mia nne sabini na tisa walisema hapana. Na kati ya walioandikishwa mtaa wa chini, karibu nusu hawakufika kabisa. Walikuwa wanaokoa magodoro.

Ijumaa, 26 Aprili

Mwalimu, saa moja asubuhi, akivaa tai: "Kaka yako ameniharibia."

Wifi kanipigia saa nne. Fundi, saa moja asubuhi, akivaa ovaroli: "Mume wa wifi yako ameniharibia."

Jumatatu, 29 Aprili

Kazi ya leo ni bango kubwa la rangi, la Keshokutwa: ASANTENI KWA KUNIAMINI. Nilimwomba Bosi amtafute mtu mwingine. Akasema mtu mwingine hayupo, na ni kweli, mashine ile naijua mimi peke yangu. Nimelichapa. Sioni fahari, lakini sitaki kulidanganya daftari langu mwenyewe. Wino ulikaa vizuri, mvua imepungua.

Jumatano, 1 Mei

Nimekwenda kwa Fundi. Nimemwambia aje amwombe Mama radhi kwa hela aliyopokea. Akasema yeye ndiye aliyeonewa, na hajasikia mtu yeyote akimwomba radhi yeye. Amepata kazi ya mabomba mji mwingine, anaondoka Ijumaa kwa miezi mitatu. Wifi amebaki. Niliondoka bila kubishana na Fundi, kwa sababu nusu ya alichosema ni kweli na nusu hiyo imekaa nyumbani kwangu.

Jumapili, 5 Mei

Leo jua limetoka. Mama alikuwa anaanika nguo zake uani, nguo zinazonuka matope hata baada ya kufuliwa mara tatu. Mwalimu alitoka ndani, akamsogelea, akasimama mbele yake kama anayesubiri kuitwa ubaoni. Nilikuwa nafua kwenye beseni, nikasikia yote.

Alimwambia habari ya barua. Hakusema alieleza hali. Alisema, "Nilimchongea shemeji yangu kwa sababu nilikitaka kiti." Alisema angejua mapema. Kisha akasema hapana, alijua mapema. Hesabu aliielewa ile ya Wifi tangu siku ya kwanza, ila alitumaini atakayepisha ni mwenzake. Alisema, "Nisamehe, Mama."

Mama alibana gauni kwenye kamba. Akanigeukia mimi.

Mwalimu naye akanigeukia. "Na wewe pia, nisamehe."

Nilikuwa nimeingojea siku hii, na ilipofika nikakuta sina cha kumpa. Hasira ilikuwa bado imekaa palepale, haijasogea.

"Si sisi wa kuombwa," nikamwambia. "Sisi tuna pa kulala. Mtaa wa chini una nyumba mia moja tisini na nne, nimezihesabu. Ulikwenda kuwaomba kura? Hukwenda, ulikuwa mtaa wa juu. Basi nenda leo. Nyumba kwa nyumba. Uwaambie ulichomwambia Mama, kwa maneno yaleyale, usiweke mengine."

"Zote?"

"Nitakusindikiza mpaka ya kwanza."

Alivaa viatu. Tulishuka mtaa wa chini. Njia nzima kuna bango la Keshokutwa kila nguzo, rangi bado mbichi. Nyumba ya kwanza ni ya fundi cherehani, mwanamke wa rika la Mama. Mlango ulikuwa wazi, cherehani yake imewekwa juani imeliwa na kutu, na yeye ameinama ndani anakomba matope kwa kipande cha bati.

Mimi nilibaki barabarani. Mwalimu alipiga hodi, akaingia hatua moja, akaanza. Alisema yote. Sauti yake, ile nzuri, ilikwama mara mbili. Mwanamke yule alisikiliza amesimama, mkono kiunoni, hakumkatisha wala kumsaidia.

"Umemaliza?" akamuuliza.

"Nimemaliza."

"Haya. Shika ndoo hiyo, uanzie kule chini ya kitanda."

Alitazama viatu vyake, akavivua. Nilisubiri mpaka ndoo ya tatu ilipomwagwa barabarani, nikarudi kuanua nguo za Mama. Alipofika nyumbani jioni, matope mpaka kwenye mapaja, sikumuuliza kitu. Alisema mwenyewe kwamba amefika nyumba ya nne.